Nyangumi Ndani ya Gia Boksi

Dereva anakanyaga breki kwenye mteremko, na chini ya kiti unatoka mlio mzito, kama ng'ombe anayelalamika. Trekta linasimama huku likitetemeka. Fundi mwenye haraka ataagiza sahani mpya za breki. Fundi mtulivu atauliza kwanza: mmeweka oili gani?

Katika matrekta mengi oili ya nyuma ni moja tu, nayo imebebeshwa kazi zinazogombana. Inalainisha gia na difu, inasukumwa na pampu kuinua jembe, na breki zenyewe zinalowa humo humo. Gia inataka utelezi, breki inataka msuguano. Oili ikikosa kiungo cha kuzipatanisha, sahani za breki hunata na kuachia, hunata na kuachia, mara nyingi kwa sekunde moja. Huo ndio mlio.

Zamani kiungo hicho kilitoka baharini. Oili ya John Deere iliyoitwa 303 ilikuwa na mafuta ya nyangumi, wale wenye kichwa kikubwa kama pipa. Kikemia ni nta iliyo majimaji: molekuli zake hujipanga juu ya chuma kama nywele za brashi, na mgandamizo hauziondoi kirahisi. Mwaka 1970 Marekani iliwaingiza nyangumi hao kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, na wanakemia wakalazimika kutafuta mbadala. Vikaja viwango vipya, J20A na baadaye J20C.

Jina la 303 ndilo lililokataa kufa. Kwa miongo kadhaa ndoo za njano zenye namba hiyo ziliendelea kuuzwa kwa bei rahisi, na humo ndani ungeweza kukuta chochote, maana kiwango kilichofutwa hakina wa kukisimamia. Mwaka 2017 jimbo la Missouri likapiga marufuku uuzaji wake.

Huku kwetu kishawishi ni haidroliki 68. Si oili mbaya, lakini 68 inataja uzito wake tu, kama 10W-30 ilivyo. Kuhusu breki haisemi kitu. Massey 135 za zamani ziliivumilia kwa sababu breki zake ni kavu, na mazoea ya mafundi wengi yalizaliwa hapo. Kwenye ndoo tafuta maandishi madogo yanayolingana na kitabu cha trekta: J20C kwa John Deere, M1145 kwa Massey Ferguson, M2C134-D kwa Ford. Ukikuta UTTO, hiyo ni ya nyuma peke yake, usithubutu kuiweka kwenye injini. STOU huingia kote kuwili.

Chomoa pia dipstiki. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, dondoshea tone moja juu ya bati lililopata moto. Likitatarika, maji yameingia, na mara nyingi yamepitia kwenye ule mpira uliochanika chini ya mkono wa gia.