Virusi Viuavyo Bakteria na Ugonjwa wa Kiwele

Mfugaji wa Mkumbi, wilayani Mbinga, akamuapo ng'ombe wake na kuona madonge katika maziwa, hutambua kwamba kiwele kimeugua. Mara nyingi ugonjwa huu huletwa na bakteria waingiao kwa tundu la chuchu. Miongoni mwao, mmoja aliye mgumu kuondoka ni Staphylococcus aureus.

Tiba ya kawaida ni antibiotiki. Hata hivyo, baadhi ya bakteria wamekuwa sugu kwa dawa hizo. Tena maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa hayapaswi kunywewa wala kuuzwa mpaka muda uliowekwa upite. Kwa sababu hiyo wataalamu wamemgeukia adui wa asili wa bakteria, yaani bakteriofaji, au kwa ufupi, faji.

Faji ni virusi vishambuliavyo bakteria. Faji hujishikiza kwenye ukuta wa bakteria, huingiza chembe zake za urithi ndani, na huzaliana humo mpaka bakteria apasuke. Frederick Twort wa Uingereza alieleza jambo hili mwaka 1915, na Félix d'Hérelle, akifanya kazi katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, mwaka 1917.

Mbona basi faji hazijachukua nafasi ya antibiotiki? Jibu ni kwamba kiwele si chupa ya maabara. Kiwele cha ng'ombe kina sehemu nne, na kila moja huweza kuugua peke yake. Katika jaribio lililofanywa Kanada na kuchapishwa mwaka 2006, faji iitwayo K ilitiwa katika sehemu 18 zenye Staphylococcus aureus. Zilipona 3 tu. Katika sehemu 20 zilizotiwa maji ya chumvi, haikupona hata moja. Tofauti hiyo haikutosha kuthibitisha kwamba tiba inafaa.

Vizuizi ni vitatu. Kwanza, protini za maziwa mabichi huufunika uso wa bakteria, hata faji ikakosa pa kujishikiza. Pili, bakteria huyu huweza kujificha ndani ya seli za kiwele, mahali ambapo faji haifiki kwa urahisi. Tatu, kila faji huchagua bakteria wake: ile imwuayo mmoja huenda isimdhuru ndugu yake. Hivyo yapasa kumtambua kwanza bakteria mwenyewe, kazi ihitajiyo maabara, nayo maabara aghalabu iko mbali na zizi.

Basi, mwanafunzi na akumbuke kwamba dawa hupimwa mahali ugonjwa ulipo, si katika sahani ya kioo peke yake. Wakati utafiti ukiendelea, kinga iliyo karibu na mfugaji ni usafi: kunawa mikono, kuosha na kukausha chuchu, kuzichovya katika dawa baada ya kukamua, na kumkamua ng'ombe mgonjwa mwisho wa wote.