Je, Wajua? Stirio Kuukuu Inaweza Kukuzungushia Sauti

Je, wajua kwamba amplifaya kuukuu ya stirio, hata ikiwa imejaa vumbi sebuleni Kilimatinde, wilayani Manyoni, inaweza kukuzungushia sauti bila kununua mtambo mpya? Mmarekani David Hafler alieneza mbinu hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Spika ya ziada huwekwa nyuma ya msikilizaji, waya zake mbili zikiungwa kwenye chanya (+) ya kushoto na chanya (+) ya kulia. Spika hiyo hutoa tofauti tu ya sauti za pande hizo: mwangwi, makofi, mvumo wa ukumbi. Ukipiga wimbo wa mono (sauti ileile pande zote mbili), spika hiyo hukaa kimya. Tahadhari: kama hasi (-) za amplifaya hazijaunganishwa ndani, usijaribu, inaweza kuungua.