Padri wa wasiri wa mfalme, na sisi wa Kinyaga

Jioni hapa Kamembe, magharibi mwa Rwanda, taa za Bukavu ng'ambo ya mpaka wa Kongo ziko karibu kuliko Kigali itakavyowahi kuwa. Watu wa hapa Kinyaga, kama Rusizi ilivyoitwa zamani, walibadilishana bidhaa na watu wa kisiwa cha Ijwi na wa Bushi kabla Mzungu hajachora mpaka. Bangili za butega zilitumika kama fedha. Ni hapa nilipoanza kumsoma Padri Alexis Kagame, mwanahistoria wa Rwanda, kwa jicho la pili.

Alizaliwa 1912, akapewa upadri 1941, akahariri gazeti la Kanisa, Kinyamateka. Bahati yake kubwa ilikuwa Mwami (mfalme) Mutara III Rudahigwa, aliyemfungulia mlango wa abiru, wale waliohifadhi kichwani ubwiru, yaani siri na taratibu za ufalme. Mambo ambayo yangezikwa pamoja na wenyewe, Kagame aliyatia kwenye karatasi. Na hakuwa padri wa kununa: mwaka 1949 alitoa Indyohesha-birayi, utenzi wa kumsifu nguruwe, katika nchi iliyozoea kumsifu ng'ombe!

Mwaka 1952 alichapisha kitabu kuhusu taratibu za utawala wa Rwanda ya kale. Wabelgiji, watawala wa kikoloni, hawakupendezwa, naye akajikuta Roma. Huko alipata udaktari wa falsafa mwaka 1955, akidai kwamba ngeli za Kinyarwanda zinagawa vyote vilivyopo katika mafungu manne: umuntu, ikintu, ahantu, ukuntu. Mswahili hahitaji mkalimani: mtu, kitu, mahali, namna. Wapinzani wakasema sarufi si falsafa. Mimi naona hoja yao ina uzito, ila swali la Kagame, kama lugha hubeba falsafa, bado linanikosesha usingizi.

Tatizo langu naye ni jingine. Masimulizi ya ikulu hutazama nchi kutoka ikulu. Si jambo geni: karne ya 12, padri Gerald wa Wales aliandika jinsi Ireland ilivyotekwa, na kati ya watekaji walikuwemo ndugu zake mwenyewe. Kagame naye alikuwa na watu wake, wale wa ikulu. Kwa ikulu, mfalme Rwabugiri, aliyefariki 1895 akiwa vitani upande wa Ziwa Kivu, ni shujaa. Kwa mkulima wa Kinyaga, zama zake ndizo zilizoleta uburetwa, kazi ya lazima kwa chifu. Wazee wa hapa walimsimulia hayo mtafiti Catherine Newbury, na kitabu chake cha 1988 kimejaa sauti zao.

Halafu kuna Bukunzi na Busozo, falme ndogo za wavuta mvua zilizojitawala humu humu milimani hadi Wabelgiji walipozivunja kwa bunduki miaka ya 1920. Watu wa falme hizo nao walikuwa na siri zao za ufalme. Hawakuwa na padri wao wa kuziandika.

Kagame alifariki Nairobi tarehe 2 Desemba 1981, akiwa ameacha muhtasari wa historia ya Rwanda katika vitabu viwili, cha 1972 na cha 1975. Kila nivifunguapo, natafuta kwanza Bukunzi.