Mwalimu wa kwaya anajua nota zote, mbona wimbo umelala?

Umewahi kukaa kanisani Bariadi mjini, kwaya ikaimba bila kosa hata moja, halafu ukakuta watu wanaangalia simu? Sauti zote nne zimekaa sawa, mwalimu anahesabu vizuri kwa mkono, moja mbili tatu nne. Lakini wimbo, yaani, umelala.

Walimu wengi wa kwaya nchini huanza na sol-fa: d, r, m, f, s, l, t. Mfumo huu ulisambazwa na Mwingereza John Curwen karne ya 19, na wamisionari wakaueneza Afrika. Ni mzuri kweli. Mtu asiyewahi kugusa kinanda anaweza kufundisha wimbo mzima kwa karatasi moja. Ila karatasi inakuambia upande au ushuke, na kwa muda gani. Haikuambii neno lipi ni zito.

Na hapo ndipo penye kazi. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: BWA-na, wo-KO-vu. Nyimbo nyingi za vitabuni zilitafsiriwa kutoka Kijerumani au Kiingereza, tuni ikabaki ileile, hivyo mara nyingi pigo zito linaangukia silabi isiyohusika. Tunaimba "wokoVU" na tumeshazoea.

Mwalimu anayehesabu tu atakaza mkono palepale, kwa sababu ni pigo la kwanza. Aliyekomaa analilegeza, kisha anaipa uzito ile silabi inayostahili. Kabla ya kufundisha sauti anaisoma beti kama mtu anayeongea, anatafuta inapovuta pumzi. Kisukuma kinadai umakini zaidi: ni lugha ya toni, ukipandisha sauti pasipo pake neno linaweza kubadilika maana.

Bahati nzuri, Simiyu kuna darasa lingine nje ya kanisa. Baada ya mavuno, ngoma za Kisukuma za Bagalu na Bagika hushindana, makundi mawili yakicheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni aliyevuta watu wengi. Manju, ambaye Wasukuma humwita ningi, anatunga, anaongoza na papo hapo anawasoma watazamaji. Akiona wanahamia kwa mpinzani hasubiri wimbo uishe. Anabadili mdundo, anarusha kijembe, wengine hata wanatoa chatu. (Sisemi tulete chatu kanisani.)

Sasa mfikirie mwalimu wa kwaya: anaimbisha akiwa amewapa watu mgongo. Waumini wakichoka, yeye ndiye wa mwisho kujua. Anachoweza kusoma ni nyuso za waimbaji, lakini nao macho yako kwenye daftari. Ndiyo maana kukariri maneno si mbwembwe. Macho yakiinuka, mkono unaweza kuwa mdogo, nyusi ikatosha, na ule ukimya mfupi kabla ya kuanza ukawa sehemu ya wimbo.

Kuna jaribio lisilohitaji hata shilingi. Siku ya mazoezi, mwalimu aanzishe beti ya kwanza, ashushe mkono, aende kukaa benchi la nyuma kabisa. Kwaya ikisambaratika, ilikuwa inafuata mkono, haisikilizani. Ikiendelea vizuri lakini beti zote zina ujazo uleule, amesikia wanachosikia waumini kila Jumapili. Wengine hurekodi kwa simu, ila simu inabana sauti. Benchi ni bora.