Risasi Nyamongo, kesi London na Toronto: Kwa nini anashtakiwa mgodi, si polisi?

Polisi wakifyatua risasi Nyamongo, wilayani Tarime, kesi inaweza kwenda kufunguliwa London au Toronto. Lakini anayeshtakiwa huko si askari wala Serikali ya Tanzania. Ni kampuni.

Hilo halikutokea kwa bahati. Kuna sababu ya kisheria, na kuna sababu ya kidiplomasia pia.

Ilianzaje?

Mgodi wa dhahabu wa North Mara ulianza kuzalisha mwaka 2002. Umezungukwa na vijiji kama Nyangoto, Kewanja na Matongo. Mto Mara uko jirani, na ng'ambo yake ni wilaya ya Serengeti.

Kwa miaka mingi watu wamekuwa wakiingia mgodini kuokota mawe yenye dhahabu. Mgodi unawaita wavamizi. Wenyeji wengi wanasema wachimbaji wadogo walikuwepo hapo kabla ya kampuni yoyote kufika.

Mei 16, 2011, watu wasiopungua watano waliuawa kwa risasi za polisi mgodini hapo.

Machi 2013, baadhi ya wanakijiji walifungua kesi Mahakama Kuu ya London dhidi ya African Barrick Gold, kampuni iliyosajiliwa Uingereza, pamoja na kampuni yake tanzu inayoendesha mgodi. Walidai mgodi ulikuwa na mkono katika nguvu iliyotumiwa na polisi. Kampuni zilikana. Februari 2015 pande mbili zilimalizana nje ya mahakama, kwa hiyo hakuna jaji aliyetoa hukumu.

Mwaka 2020 kesi nyingine ikafunguliwa London. Novemba 2022, Watanzania 21 wakaenda Ontario, Kanada, kuishtaki Barrick Gold yenyewe, ambayo makao yake makuu yako Toronto.

Kwa nini wasiishtaki Serikali huko huko?

Kwa sababu nchi moja haikai kiti cha hakimu kuihukumu nchi nyingine. Uingereza ina sheria ya kinga ya mataifa ya mwaka 1978, na Kanada inayo ya kwake. Mwaka 2006, majaji wa juu wa Uingereza walizuia kesi ya fidia ya watu waliodai kuteswa Saudi Arabia, wakisema kinga hiyo inaifunika serikali na maofisa wake pia.

Mahakama ya nje ikimgusa ofisa wa nchi nyingine, ugomvi huhama kutoka kwa mawakili na kuhamia kwa mabalozi.

Majirani zetu Rwanda wanalijua hilo. Novemba 2006, jaji wa Ufaransa Jean-Louis Bruguière alitoa hati za kukamatwa kwa watu tisa walio karibu na Rais Paul Kagame, kuhusu kutunguliwa kwa ndege ya Rais Habyarimana mwaka 1994. Siku chache baadaye Kigali ilivunja uhusiano na Paris. Ilichukua miaka mitatu kuurudisha.

Basi kampuni inashtakiwaje?

Kampuni haina ubalozi wala kinga ya nchi. Aprili 2019, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliruhusu wanakijiji wa Chingola, Zambia, kuishtaki kampuni mama ya Vedanta London kuhusu uchafuzi wa mgodi wa shaba.

Februari 2020, Mahakama ya Juu ya Kanada iliruhusu kesi ya Waeritrea waliodai kulazimishwa kufanya kazi katika mgodi wa Bisha. Kampuni ya Nevsun ilijitetea kwamba kusikiliza kesi hiyo ni kuihukumu Serikali ya Eritrea. Majaji walio wengi walikataa hoja hiyo.

Kesi ya Toronto ilikwama wapi?

Kwenye swali moja: nani anawaamuru polisi?

Mgodi una makubaliano ya maandishi na Jeshi la Polisi kuhusu ulinzi. Upande wa walalamikaji unasema makubaliano hayo, pamoja na malipo na huduma wanazopewa askari, yanawafanya kuwa kama polisi wa mgodi. Barrick inasema polisi ni chombo cha dola na haiwaongozi.

Novemba 2024, jaji wa Ontario alikubaliana na kampuni. Alisema Kanada si mahali pake na kwamba Tanzania ndiyo inafaa zaidi kuisikiliza.

Serikali iko upande gani?

Hapa ndipo mambo yanapoingiliana. Baada ya mvutano mkubwa wa kodi na makinikia ulioanza 2017, Barrick na Serikali ya Rais John Magufuli waliunda kampuni ya Twiga, na Serikali ikapata asilimia 16 ya hisa za migodi, North Mara ikiwemo.

Kwa hiyo dola ile ile inayoajiri polisi sasa ni mbia wa mgodi. Kesi ikipigwa London au Toronto, kwenye karatasi ni ya kampuni, lakini mbia huyo naye anaguswa.

Na milango ya nyumbani?

Ipo, ila ni myembamba. Anayetaka kuishtaki Serikali hutakiwa kwanza kutoa notisi ya siku 90. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha, lakini Novemba 2019 Tanzania ilijitoa kwenye tamko lililowaruhusu wananchi kwenda huko moja kwa moja. Uamuzi huo ulianza kufanya kazi Novemba 2020. Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo Arusha, bado inapokea wananchi, ila ndani ya miezi miwili tu tangu tukio.

Inamaanisha nini kwa familia za Nyamongo?

Kesi za nje zinaweza kuleta fidia. Lakini haziwezi kumpandisha kizimbani aliyefyatua risasi. Kazi hiyo imebaki kwa vyombo vya Tanzania.

Na huko safari huanza na karatasi moja. Ni PF3, fomu ambayo baadaye huwa ushahidi. Inatolewa kituo cha polisi.