Mwalimu wa maktaba aliyewatuma watoto kwa bibi zao

Ilikuwa Jumamosi ya masika. Nilishuka kwenye daladala, nikapanda kwa miguu hadi kihambani kwetu, Old Moshi. Nilimkuta mama amekaa jikoni, ameshika kichwa. Alisema ana kizunguzungu tangu Alhamisi.

Mama anatumia dawa za presha za aina mbili. Moja anameza mara moja kwa siku, nyingine mara mbili. Nilipohesabu vidonge vilivyobaki kwenye bahasha nikagundua amebadilisha: ya mara moja ameimeza mara mbili, na ya mara mbili ameimeza mara moja.

“Nani alikusomea, mama?”

“Mjukuu wangu. Si yuko darasa la nne?”

Mama haoni tena maandishi madogo. Nikamwita mtoto wa kaka yangu, mwenye miaka kumi, anayeishi na bibi yake kwa sababu wazazi wake wako Dar es Salaam kwenye biashara. Nikampa bahasha asome. Akaitazama muda mrefu, akataja namba, mengine akakisia. Kisha akaanza kulia.

“Shangazi, usimwambie baba.”

Nilimpigia simu mhudumu wa afya, akatuelekeza la kufanya, na Jumatatu mama alikwenda kliniki. Yuko salama. Lakini mimi ninayeandika habari za afya, na kila mara nawahimiza wagonjwa wafuate maelekezo ya dawa, sikuwahi kujiuliza ni nani anayasoma maelekezo hayo nyumbani kwetu.

Daftari safi, kusoma hakuna

Mzazi unaweza kujiuliza mtoto anafikaje darasa la nne bila kujua kusoma. Nilipokagua madaftari yake nilielewa. Mwandiko ulikuwa mzuri, na alama za vema zilijaa ukurasa. Alikuwa anajua kunakili. Anachora herufi za ubaoni kama mtu anavyochora ua, bila kujua zinasema nini.

Tangu mwaka 2015, mtaala wa darasa la kwanza na la pili umewekea mkazo KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Mtoto akivuka madarasa hayo mawili bila kuishika K ya kwanza, masomo mapya yanamfuata kwa kasi. Sayansi inataka kusomwa, hisabati za mafumbo zinataka kusomwa. Anayeona aibu hujifunza kujificha.

Jambo la kwanza nililofanya ni kumpeleka akapimwe macho. Nawashauri wazazi wote wafanye hivyo kabla ya kumwita mtoto mvivu. Macho yake yalikuwa mazima. Basi nikaenda shuleni.

Kabati lililokuwa limefungwa

Sitaitaja shule wala mwalimu, kwa sababu wenzake na mtoto wetu wanasoma ukurasa huu kwenye simu za wazazi wao. Ni shule ya msingi ya kawaida ya huku mlimani. Anayesimamia maktaba si mkutubi wa kusomea. Ni mwalimu wa Kiswahili aliyekabidhiwa chumba na ufunguo, juu ya vipindi vyake vya kila siku.

Alinieleza kwamba alipokabidhiwa chumba hicho, vitabu vilikuwa kabatini na kufuli juu yake. Kila mtu aliogopa vitapotea. Aliamua kulifungua kabati, akawapa wanafunzi wenyewe kazi ya kuandika nani ameazima nini. Vichache vimepotea kweli, na vingine vimerudi na madoa ya mtori. Anasema kitabu chenye doa la mtori angalau kimefika nyumbani.

Tatizo likawa vitabu havitoshi, na watoto wasiojua kusoma hawakuvigusa. Hapo ndipo alipoanza mradi wa vitabu vya bibi na babu.

Kila mtoto anatumwa nyumbani na swali moja la kumuuliza mzee: shule ilikuwaje zamani, mfongo wa maji ulichimbwaje, jani la isale linatumikaje kuomba msamaha. Wengi wanasimuliwa kwa Kichagga, na darasani wanasaidiana kuyaweka maneno kwa Kiswahili. Wanaandika, wanachora, kisha wanashona kurasa kwa sindano na uzi. Jalada linatokana na kalenda za zamani zilizogeuzwa upande mweupe. Kitabu kinapewa namba na kinaingia kabatini pamoja na vile vya kiwandani.

Kazi ya kuhifadhi simulizi za mlima huu ni ya siku nyingi. Mmisionari Mjerumani Bruno Gutmann, aliyeishi miaka mingi hapa Old Moshi, aliandika mila na hadithi za Wachagga kwa Kijerumani. Mangi Petro Itosi Marealle aliandika kwa Kiswahili kitabu chake Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, kilichotoka mwaka 1947. Sasa kazi hiyo imefika kwa watoto wa miaka kumi.

Mawenzi na moto wa Kibo

Mradi uliowachangamsha zaidi ni wa Kibo na Mawenzi. Wengi wetu tunaijua hadithi hiyo: Mawenzi alimwendea jirani yake Kibo kuomba moto mara nyingi, mpaka Kibo akachoka na kumpiga, ndiyo maana Mawenzi ana kilele kilichochongoka.

Watoto walirudi na hadithi zinazopishana. Mmoja, ambaye mama yake ni wa Rombo, alikuwa na yake. Wengine waliambiwa Mawenzi aliuzima moto makusudi ili apewe tena chakula. Kukatokea ubishi mkubwa. Mwalimu hakusema nani yuko sahihi. Aliandika hadithi zote kwenye manila, akazibandika ukutani, akawaambia wakasome za wenzao kabla ya kubisha. Kwa mara ya kwanza, walioukimbia ukuta ule walisogea karibu, kwa sababu walitaka kushinda ubishi.

Nadhani siri iko hapo. Mtoto anayesoma habari anayoijua tayari hapambani na vitu viwili kwa wakati mmoja. Maana anayo, kazi yake inabaki kuyatambua maneno.

Mtoto wetu aliandika kisa cha bibi yake. Mama alipokuwa binti mdogo alibeba debe la kahawa kwenda chama cha msingi, akateleza, kahawa ikamwagika kwenye mfongo. Alidhani atachapwa. Mama yake akachukua ungo, akatangulia chini ya mfereji, wakaikinga kahawa pamoja. Mimi na kaka yangu hatukuwahi kukisikia kisa hicho. Mama anasema hatukuuliza.

Krismasi, familia nzima ilipopanda kutoka Dar, mtoto alisimama sebuleni akakisoma. Alikwama mara nne. Kaka yangu alikuwa anajua tayari, maana nilimwambia nikiwa na ruhusa ya mtoto. Hakusema neno. Alimwomba arudie tangu mwanzo.

Unachoweza kufanya nyumbani

Muulize mtoto akusomee kitu ambacho hajawahi kukiona, hata pakiti ya unga. Daftari lake halitakuambia ukweli wote.

Mwache arudie kitabu kilekile. Kurudia kunampa kasi na ujasiri.

Mpe kitabu cha kiwango chake. Asome ukurasa mmoja na kukunja kidole kwa kila neno gumu. Vidole vitano vikiisha, tafuteni chepesi zaidi.

Tafuta vitabu vya Kiswahili vya watoto. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, umesaidia vingi kuchapishwa. Elieshi Lema, mwandishi mzaliwa wa Kilimanjaro, ana Safari ya Prospa. Kwa walio mjini Moshi, ipo maktaba ya mkoa chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba.

Na usimwachie mtoto peke yake kazi ya dawa, hata akijua kusoma. Kosa lile lilikuwa letu sisi watu wazima. Siku hizi mama akitoka kliniki, bahasha zinapigwa picha na kutumwa kwangu kwanza.

Mtoto wetu bado anasoma polepole. Upimaji wa kitaifa wa darasa la nne haukuwa mwepesi kwake, na mwalimu hakunificha kwamba safari ingali ndefu. Lakini nilipopanda mwezi uliopita nilikuta kipande cha boksi kimetundikwa jikoni juu ya meza ya mama. Amechora jogoo, na chini yake ameandika asubuhi, vidonge viwili. Amechora mwezi, na chini yake ameandika usiku, kidonge kimoja.

Nilivisoma na kulinganisha na bahasha. Vilikuwa sawa.