Usalama wa Akili Mnemba na Suala la Lugha

Neno usalama, litumikapo katika habari za akili mnemba (wengine husema akili unde), hubeba maana mbili ambazo Kiingereza huzitenga: kuilinda mashine isivamiwe na wadukuzi, na kuwalinda watu wasidhuriwe na mashine yenyewe. Makala haya yahusu maana ya pili.

Mashine zitungazo maandishi husomeshwa kwanza maandishi mengi mno, kisha hufunzwa kukataa maombi ya hatari, kama vile namna ya kutengeneza bomu. Mifano ya mafunzo haya ya pili, kwa sehemu kubwa, ni ya Kiingereza. Je, mashine iliyofunzwa kukataa kwa Kiingereza hukataa pia kwa lugha nyingine?

Mwaka 2023 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walichukua maombi 520 ya hatari, wakayafasiri kwa mashine ya kutafsiri, wakayapeleka kwa GPT-4. Kwa Kiingereza, maombi yaliyopata jibu la madhara hayakufikia 1 kwa 100. Kwa Kizulu, ndugu wa Kiswahili, yalipita 50 kwa 100. Na mshambuliaji hakuhitaji kujua hata neno moja la Kizulu. Mwaka huohuo uchunguzi mwingine ulikiweka Kiswahili pamoja na Kibengali na Kijava katika kundi la lugha zenye maandishi machache ya kufunzia. Hata kwa muulizaji asiye na nia mbaya, uwezekano wa kupata jibu la hatari katika kundi hilo ulikuwa kama mara 3 ya ule wa lugha zenye maandishi mengi. Matoleo yale yamekwisha kufuatwa na mapya, lakini njia ya kupima ni ileile.

Kwa hiyo siafikiani na wafasiri wasemao “mashine aminifu”. Uaminifu ni sifa ya mwenye nia. Afadhali kusema mashine ya kuaminika, kwani hapo msomaji hulazimika kuuliza: iaminiwe na nani, baada ya kupimwa kwa lugha gani?

Wala kufasiri maswali ya Kiingereza hakutoshi. Tazama neno dawa: ni ya kuponya, ya mganga, na ya panya pia. “Nimtilie dawa katika chai” huweza kuwa swali la muuguzi, au la mtu anayekusudia kuua. Pasipo mjuzi wa Kiswahili miongoni mwa wapimaji, swali kama hilo halitatungwa.